Chuo kimenunua spidi mara mbili na intaneti imebaki ileile: kisa cha foleni kwenye laini ya redio, mkoani Dodoma

Jina la chuo nimelitoa, la mtoa huduma nimelitoa, na vyeo vya watu wawili watatu nimevibadilisha. Namba za laini na mtiririko wa mambo ni vile vilivyokuwa. Naandika kwa ajili ya wanaosomea mitandao na kwa watu wa TEHAMA kwenye taasisi ndogo, maana hili tatizo liko sehemu nyingi sana kanda ya kati na karibu kila mahali linatibiwa kwa dawa isiyo yake.

Mazingira

Chuo kiko nje ya jiji la Dodoma, upande ambao fiba imepita barabara kuu lakini haijaingia ndani, kwa hiyo intaneti inaletwa kwa redio. Kuna dishi juu ya paa la utawala linatazamana na mnara wa mtoa huduma, na mnara huohuo unahudumia wateja wengine, shule, ofisi, gesti kadhaa. Mkataba ulisema kushusha 30 Mbps (megabiti kwa sekunde), kupandisha, yaani kutuma kutoka chuoni, 5 Mbps. Hapo kwenye 5 weka alama, ndiko kisa kizima kilipolala.

Watumiaji ni wahadhiri, ofisi, na wanafunzi wa mabweni matatu. Kila mtu ana simu, wengi wana simu na laptop.

Malalamiko yalikuwa ya aina moja. Kuanzia kama saa nne asubuhi na tena jioni watu wakishakula, vikao vya video vinakatika sauti, ukurasa wa fomu unazunguka mpaka unakata tamaa, ujumbe unakaa na alama ya saa hauondoki, halafu ghafla kila kitu kinafunguka kwa dakika chache na kinarudi tena kulekule. Kuna mhadhiri alikuwa anasimamia mwanafunzi wa nje ya nchi kwa video, akafikia hatua ya kutoka na gari kwenda kukaa sehemu yenye mtandao mzuri wa simu anatumia bando lake mwenyewe. Huyu ndiye aliyepiga kelele mpaka ikasikika juu.

Sasa watu wa TEHAMA wakipima spidi wanapata 25, 28, saa nyingine 30 kamili. Ofisi inasema intaneti ipo, watumiaji wanasema haipo, na wote wawili wana ushahidi kwenye skrini.

Kilichofanyika kabla hatujaitwa

Dhana ya kwanza ilikuwa kebo ya baharini. Tangu tarehe 12 Mei 2024, siku kebo za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu kwa pamoja na Tanzania ikawa karibu gizani, kila intaneti ikiyumba mtu anasema kebo imekatika tena. Chuo nacho kikasubiri kebo itengenezwe, miezi ikapita.

Dhana ya pili ilikuwa kwamba spidi haitoshi. Mtoa huduma akaja na ofa ya kupandisha kifurushi, kushusha kunakuwa 60 Mbps. Kupandisha kunabaki 5. Mhasibu aliuliza swali zuri kabisa, hiyo nyingine mbona haiongezeki, akajibiwa watu wanashusha zaidi kuliko wanavyopandisha, jibu ambalo kwa jumla ni kweli. Wakasaini. Wiki ya kwanza watu walifurahi, labda kwa sababu ya matumaini, baada ya hapo hali ikawa ileile na kwa maelezo ya baadhi ya watu ikawa mbaya kidogo.

Dhana ya tatu ilikuwa wanafunzi. Hapo ndipo tukaitwa, na ombi la kwanza tulilopewa lilikuwa orodha ya majina ya wanaomaliza intaneti.

Tulivyoanza, na tulichokataa

Ombi la orodha tulilikataa, na sababu naieleza kwa sababu ni uamuzi wa kitafiti, siyo ukaidi. Kunasa pakiti za watu, yaani vipande vya data wanavyotuma na kupokea, kwenye geti la chuo ni kuchukua taarifa zao binafsi, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo imeanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023. Hata usipofungua yaliyomo, kujua simu ya fulani imeongea na seva gani saa saba usiku tayari ni kujua mengi kuhusu maisha yake. Na zaidi ya sheria, orodha isingejibu swali lililokuwepo. Swali lilikuwa kwa nini laini ya 60 inafanya kazi kama ya 1, na hilo unalijibu kwa kupima laini, humpimi mtu.

Kwa hiyo tukakubaliana tunatuma trafiki yetu wenyewe tu, kutoka kwenye laptop yetu, kwenda kwenye seva ndogo tuliyokodi Dar es Salaam. Seva kuwa Dar ilikuwa makusudi: njia ya Dodoma mpaka Dar haigusi bahari. Kama shida ni kebo ya baharini, Dar itakuwa safi na Ulaya itakuwa mbaya. Kama Dar nayo ni mbaya, basi tuache kuitazama bahari.

Tulichokiona

Usiku wa manane ping kwenda Dar, yaani muda wa pakiti kwenda na kurudi, ilikuwa inacheza kwenye milisekunde 30 na kitu, 40. Nzuri tu kwa laini ya redio. Mchana saa tano, 900. Inashuka 60, inapanda 1,400. Dar hiyohiyo.

Fikiria hapo kidogo. Kwa barabara Dodoma na Dar ni kama kilomita 450. Mwanga ndani ya fiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, maana yake kwenda na kurudi umbali huo hakufiki milisekunde 5, hata ukiongeza mizunguko ya njia na vifaa vya katikati huwezi kufika 1,400. Pakiti inayochukua sekunde nzima na zaidi haisafiri muda wote huo, imekaa mahali inasubiri. Kazi ikabaki kujua imekaa wapi.

Tukafanya jaribio dogo ambalo ukitaka unaweza kulirudia leo ofisini kwako. Jumapili alfajiri, laini ikiwa tupu, tukaacha ping inaendesha kwenye laptop, halafu tukachukua simu yetu moja yenye picha na video nyingi tukaiwashia kuhifadhi picha mtandaoni. Simu moja tu. Kwenye skrini namba zikaanza kupanda mbele ya macho ya mkuu wa TEHAMA: 38, 41, 39, halafu 210, 640, 1,190, 1,870, 2,310, ikaanza kuganda huko juu kwenye elfu mbili na mia tatu na kitu. Simu ikamaliza kupandisha video, ndani ya sekunde chache namba zikarudi 40. Akasema, "Rudieni tena." Tukarudia, ikawa vilevile. Akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akawasha, vilevile.

Ile 2,300 na kitu siyo namba ya bahati. Vifaa vingi vyenye mfumo wa Linux ndani, kwa mpangilio wa kiwandani, vinaruhusu foleni ya pakiti 1,000 mlangoni. Pakiti kamili ina baiti 1,500, kwa hiyo foleni ikijaa ni baiti milioni 1.5, yaani biti milioni 12. Mlango wa kutokea ni 5 Mbps. Milioni 12 gawa kwa milioni 5 unapata sekunde 2.4. Hatukuweza kuifungua redio ya mtoa huduma tuone ndani, ila tulichopima na hesabu hii vilikaribiana mno.

Kwa nini foleni inajaa

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapotea.

TCP, utaratibu unaosimamia utumaji wa data nyingi kwenye intaneti, haijui laini yako ni ya ukubwa gani. Inatuma, ikipata majibu inaongeza, inaongeza, mpaka pakiti zianze kupotea, ndipo inajua imezidisha na inapunguza. Utaratibu huu ulitokana na balaa la Oktoba 1986, pale laini kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani, majengo yaliyo mita mia chache tu kutoka moja hadi jingine, ilipoporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde mpaka biti 40. Mtafiti Van Jacobson akalichunguza, na mwaka 1988 akachapisha mbinu ambazo mpaka leo ndizo zinazuia intaneti isijisonge yenyewe. CUBIC, aina ya TCP ambayo Linux imeitumia kama chaguo la kawaida tangu 2006, nayo inasubiri pakiti ipotee ndipo ishike breki.

Sasa memori ikawa bei rahisi, watengenezaji wakaweka bafa kubwa, memori ya kushikilia pakiti zinazosubiri, kwenye kila kifaa wakiamini kupoteza pakiti ni aibu. Matokeo yake pakiti haipotei, inapangwa foleni. TCP inaona hakuna kilichopotea, inaendelea kumwaga. Inakuja kuambiwa imezidisha wakati foleni imeshafika sekunde mbili, na kila mtu mwingine anayetaka kutoka na kaujumbe kake anakaa nyuma ya foleni hiyo. Mhandisi wa programu Jim Gettys alikutana na jambo hili nyumbani kwake mwaka 2010 na ndiye aliyelitangaza mpaka likapata jina, bufferbloat, na watu wakaanza kulifanyia kazi.

Na kwa nini hata kushusha kunalala wakati kilichojaa ni kupandisha? Kwa sababu ukishusha, kompyuta yako lazima itume risiti kwamba imepokea, na risiti zinapita mlango uleule wa 5 Mbps. Risiti zikikwama, seva ya mbali inasubiri. Kupandisha kifurushi kuliongezea mlango huo mzigo: ukishusha 60 Mbps kwa pakiti za baiti 1,500 unapokea pakiti 5,000 kwa sekunde, ukituma risiti moja kwa kila pakiti mbili ni risiti 2,500, kila moja kama baiti 64 hivi, inakuja karibu 1.3 Mbps. Zaidi ya robo ya njia ya kupandia imekwenda kwa risiti peke yake. Walioambiwa wanalalamika kwa mazoea waliposema hali imezidi kuwa mbaya baada ya kulipia zaidi, walikuwa wanasema kweli.

Maamuzi

Tulikuwa na njia tatu mezani. Kumwomba mtoa huduma abadilishe foleni kwenye redio yake: fundi wao alikuja, kijana mstaarabu tu, akafungua grafu yake akasema, "Dada, laini yako nzima, haijafika hata nusu." Grafu ilikuwa sahihi. Ila ilikuwa wastani wa kila dakika tano, na mtu akijaza njia kwa sekunde 40 halafu akatulia, ndani ya dakika tano hizo anaonekana hajafanya kitu. Tulimwonyesha ping, akaelewa, lakini hakuwa na ruhusa ya kugusa mipangilio ya redio.

Njia ya pili ilikuwa kununua kupandisha zaidi. Ingesaidia kiasi, foleni ingejaa na kumwagika haraka, lakini ingejaa vilevile. Na bajeti ilikuwa imeshaliwa na ile 60.

Tukachagua ya tatu: kuihamishia foleni kwetu. Unaweka kifaa chako kati ya mtandao wa chuo na redio, unakiambia kisiruhusu kupandisha zaidi ya 4.5 Mbps, pungufu kidogo ya uwezo wa redio. Kwa hiyo redio haipati nafasi ya kujaza foleni yake, foleni inakuwa kwenye kifaa chako, na hapo unaipanga kwa akili. Kwamba unatoa sadaka asilimia 10 ya spidi uliyolipia ilikuwa ngumu kumweleza mhasibu, na sikumlaumu.

Kuipanga kwa akili maana yake ni mambo mawili. Kwanza CoDel, kazi ya Kathleen Nichols na Van Jacobson yuleyule, ya mwaka 2012. Haiangalii foleni ni ndefu kiasi gani, inaangalia pakiti imekaa ndani muda gani, na ikiona kwa milisekunde 100 nzima hakuna pakiti iliyokaa chini ya milisekunde 5, inaanza kutupa chache mapema ili TCP ishtuke. Pili ni kugawa foleni kwa kila mazungumzo. Ni kama mashine ya kusaga pale kijijini: mwenye magunia kumi ya mahindi akimaliza yote ndipo mtoto aliyetumwa na kisado asagiwe, mtoto atalala hapo, lakini wakisagiwa kwa zamu, debe la huyu, kisado cha yule, mtoto anaondoka mapema na mwenye magunia hata hajisikii kucheleweshwa. Vyote viwili vimo ndani ya CAKE, programu ya kupanga foleni inayokuja na Linux tangu toleo la 4.19 la mwaka 2018, bure.

Utekelezaji ulivyokwenda

Tulianza na ruta ndogo ya nyumbani tuliyoiwekea OpenWrt, programu huria ya ruta inayotumia Linux. Upande wa kupandisha ilifanya vizuri, ila kwenye kushusha 60 Mbps prosesa yake ilijaa na spidi ikashuka vibaya, kazi ya kuhesabu na kupanga kila pakiti ni nzito kwa kifaa kile. Tukachukua kompyuta ya mezani iliyokuwa stoo, tukaongeza kadi ya pili ya mtandao, tukaweka Linux. Hiyo haikutoa hata jasho.

Kikaja kikwazo cha pili. CAKE inaweza kugawa haki kwa kila kifaa, ili simu yenye miunganisho thelathini isimzidi mwenye mmoja. Lakini pale mlangoni anwani zote za ndani zimeshageuzwa kuwa moja na NAT, utaratibu wa kuficha anwani nyingi nyuma ya moja, kwa hiyo CAKE ilikuwa inaona chuo kizima kama mtu mmoja. Kuna neno moja tu la kuongeza kwenye amri, nat, na likiwepo inatazama anwani halisi ya ndani. Bila hilo bweni lenye simu nyingi lilikuwa linaendelea kuwabana wengine na hakuna alama yoyote kwenye skrini inayokuambia kuna kitu kimekosekana.

Halafu umeme ukakatika. Kompyuta ilipowaka ilirudi bila mipangilio, maana amri zilikuwa zimeandikwa kwa mkono na hazijawekwa zijiendeshe mashine inapowaka. Chuo kizima kikarudi kwenye ile hali ya zamani. Waliogundua wa kwanza ni wanafunzi, wakaja ofisini kuuliza kile kitu mlichoweka kiko wapi. Mkuu wa TEHAMA akaweka faili la kujiendesha na UPS siku hiyohiyo.

Matokeo

Jaribio la simu ya picha lilirudiwa na laini ikiwa na watu mchana. Ping ilipanda kutoka 38 mpaka 50, 60, ikaishia hapo. Simu nayo iliendelea kupandisha picha zake, taratibu kidogo kuliko zamani. Hatukuamini ping peke yake, maana vifaa vingine vinaipa ping njia yake ya pembeni, kwa hiyo tulipima pia muda wa kufungua ukurasa halisi na kufanya kikao cha video cha nusu saa huku laini imejazwa makusudi. Sauti haikukatika. Yule mhadhiri akarudi kusimamia mwanafunzi wake kutoka ofisini kwake.

Jioni haikuwa nzuri hivyo. Mnara unagawanywa na wateja wengine, na saa mbili usiku uwezo halisi wa kupandisha ulikuwa unashuka mpaka kama 3 Mbps. Kifaa chetu kilikuwa kimeambiwa 4.5, kwa hiyo redio ikawa tena ndiyo mlango mwembamba na foleni ikahamia kwake. Tukaweka ratiba: kuanzia jioni 2.7, usiku mkubwa inarudi 4.5. Kuna skripti ya cake-autorate ambayo inafuata uwezo wa laini yenyewe dakika kwa dakika na kitaalamu ingefaa zaidi, lakini ingehitaji mtu wa kuitazama, na pale TEHAMA ni watu wawili wanaoshughulika mpaka na printa. Ratiba mtu yeyote anaisoma na kuibadilisha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kupima ucheleweshaji wakati laini imebeba mzigo. Vipimo vya spidi ambavyo watu wamevizoea vinaijaza laini kwa sekunde chache na kukuletea Mbps kubwa, na ile ping inayoonekana juu kwa maandishi makubwa kwa kawaida imepimwa kabla mzigo haujaanza. Chuo kilikuwa na mamia ya vipimo vya namna hiyo, vyote vya kweli, na hakuna hata kimoja kilichogusa tatizo. Kuiweka seva Dar nako kulitupunguzia kazi kubwa, mjadala wa bahari uliisha asubuhi moja.

Kilichoshindwa kwanza ni namna manunuzi yalivyofanyika. Mkataba unatilia mkazo Mbps za kushusha, kupandisha unakutaja tu bila kukupa uzito wake, wala hauna mstari mmoja kuhusu ucheleweshaji chini ya mzigo, kwa hiyo mtoa huduma alitimiza kila alichoahidi na mteja hakupata alichokitaka. Mkataba mpya unapoandaliwa chuo kimeandika kikiomba 20 kushusha na 20 kupandisha badala ya 60 na 5, na kipengele cha kupimwa ping kwenda Dar laini ikiwa imejaa.

Kilichoshindwa pili ni kukimbilia kumtafuta mkosaji. Zile simu zilikuwa zinafanya zilivyopangiwa, kuhifadhi picha pindi zinapoona wifi. Orodha ya majina ingetoka na majina ya watu wasio na kosa, pengine wangefungiwa mtandao, na wiki inayofuata simu nyingine zingejaza foleni ileile.

Na kuna ambacho bado hakijatibika. Bweni la mwisho, lililo mbali na vifaa vya wifi, linaendelea kulalamika, na tulipopima tukakuta foleni nyingine, safari hii ndani ya wifi yenyewe: simu iliyo mbali inaongea polepole, inakula muda wa hewani, na wengine wote wa chumba kile wanasubiri. Utafiti wa Toke Høiland-Jørgensen na wenzake wa mwaka 2017 ulionyesha namna ya kugawa muda huo wa hewani kwa haki ndani ya Linux, lakini vifaa vya wifi vya chuo ni vya programu iliyofungwa, huwezi kuviwekea. Chuo kimeomba fedha za vifaa viwili vinavyokubali OpenWrt kwa ajili ya bweni hilo, na maombi yako kwa mhasibu.